Jina Chini ya Kambare

Alhamisi, tarehe tisa Machi, saa nne na robo asubuhi. Hapo ndipo mambo yangu yalipoharibika, na aliyeyaharibu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, anakunywa kahawa ya baridi kwa mrija.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, ndala nimeziacha mlangoni kama wote. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na vijipicha vidogo safu kwa safu, kama stempu za posta. Kila kijipicha ni gemu ya mtu, inauzwa kwenye duka la mtandaoni. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa chetu.

"Mwiteni Bu Satumi," bosi akasema.

Bu Satumi ni mama anayeuza tempe za kukaanga, vile vipande vya soya, getini. Akapanda ngazi anajifuta mafuta kwenye kanga yake ya batiki.

"Bu, hebu tutafutie. Gemu ya kibanda cha kambare iko wapi hapa?"

Akainama. Akagusa picha ya lori. "Hii?"

"Hapana."

Akagusa ya msichana mwenye upanga. "Basi hii."

"Kambare, Bu! Samaki!"

"Samaki simwoni, mwanangu. Labda kaogelea kwa jirani."

Ofisi nzima ikacheka. Bosi akamwonyesha kwa kidole.

"Hiyo?" Bu Satumi akasema. "Mimi nilidhani kioo kimechafuka."

Hapo hawakucheka tena. Wote wakageuka kunitazama mimi.

Kama ndiyo kwanza unaanza kunisoma, jina langu ni Kasmuri, mtu wa Lamongan, na shule niliiacha darasa la nne. Kwa miaka thelathini nimechora mahema ya vibanda vya kambare, vile vitambaa vyeupe vya barabarani vyenye samaki, kuku na maandishi ya rangi za kuwaka. Mke wangu Wiji alifariki misimu miwili ya mvua iliyopita, na jinsi hospitali ilivyotuweka kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri nimeshaeleza, sirudii. Baada yake zikaja mashine za kuchapa mahema kwa dakika kumi, mkono wangu ukakosa kazi. Wiki iliyopita nilikomea pale vijana wa Malang waliponifuata nyumbani wakanichukua niwachoree picha ya dukani ya gemu yao. Ndani ya gemu hiyo mchezaji anaendesha kibanda cha kambare. Wakataka mkono wa kweli.

Nilikubali kwa sharti moja. Kila hema lina jina la mwenye kibanda chini ya samaki. Hema hili liandikwe BU WIJI, yaani Mama Wiji, kama tunavyowaita akina mama wenye vibanda.

Na hapa niungame kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Mke wangu alitaka kibanda chake tangu mwaka wa pili wa ndoa yetu. Kila mwaka nilimwambia mwakani. Nimechora mahema mia nne na kitu, majina ya wanawake wa watu, na yeye ndiye alikuwa akinishikia ngazi. Jina lake sikuliandika hata kwenye kitambaa cha kufutia brashi.

Kwa hiyo sharti langu lilikuwa hilo tu. Bosi, anaitwa Yodha, umri wake ni sawa na ndala zangu za zamani, huniita Pak, yaani baba, akanipa mkono. "Limepita hilo, Pak. Jina litakaa."

Sasa rudini Alhamisi.

"Siku kumi, Pak," Yodha akasema. "Siku kumi, halafu kioo kimechafuka?"

"Bosi, niliyoyachora ni yale uliyoyaagiza."

"Niliagiza picha nzuri."

"Uliagiza kambare. Halafu ukasema ongeza kuku. Ongeza pikipiki. Ongeza wateja sita, kila mmoja na sura yake. Ongeza mlima wa volkano. Ongeza mzimu anayekuja kula."

"Mzimu yumo ndani ya gemu!"

"Na bata? Bata yumo?"

Akavuta kahawa yake. "Bata anapendeza."

Kuhusu huyo bata tuligombana siku mbili. Kwetu fundi hachori kisichopikwa. Ukichora bata na bata huna, dereva wa lori anaegesha, anakaa, anaagiza bata, unamwambia hamna, basi hapo utajuta. Niliwahi kumwona mmoja pale Babat amelikunja hema la watu analipakia kwenye lori, anasema kama bata yumo humu tu basi anaondoka naye. Nilimweleza Yodha hayo yote. Alinipiga piga begani. "Wewe chora tu, Pak. Mikakati tuachie sisi."

Kati ya watu mia waliopewa gemu waijaribu, arobaini waliandika swali moja: bata yuko wapi?

"Nilikwambia," nikamwambia.

"Ungesisitiza."

Jamani! Ningesisitiza! Nimezaliwa kusisitiza mbele ya watu wenye viti vya kuzunguka, na sijaona hata mmoja aliyegeuza kiti.

Aliyeniokoa siku ile ni Mbak Ningrum, yaani Dada Ningrum, binti anayeshughulika na duka. Hapendi kelele. Alingoja Yodha aende chooni.

"Pak Kasmuri, ungeachiwa peke yako ungechora nini?"

"Kambare mmoja."

"Tu?"

"Mbak, hema halisomwi. Anayeliona yuko juu ya pikipiki, mkewe nyuma, mtoto katikati, njaa inamuuma, na pembeni kuna mahema ishirini. Ana muda wa kupepesa jicho mara moja. Ukimwonyesha vitu kumi hajaona kitu."

Akaangalia vile vijipicha kwenye kioo. "Na hapa pia wanapita hivyo hivyo. Kwa kidole badala ya pikipiki."

"Basi tatizo lenu nini?"

"Jumatatu adhuhuri wiki ya maonyesho ya gemu dukani inaanza. Picha isipokuwa tayari, tunaingia na hii." Akanitazama. "Unaweza?"

"Naweza. Lakini bosi asikanyage nilipo."

Ijumaa na Jumamosi nilikuwa sakafuni, kwenye stoo ya chini, peke yangu na kitambaa. Kambare mmoja, mita tatu, njano ikiingia kwenye kijani, ndevu zimetoka nje kama mtu anayekaribisha wageni. Anaruka kutoka kwenye sahani. Nyuma yake weupe mtupu. Hakuna kuku, hakuna mlima, bata kaenda zake.

Na chini ya samaki, herufi nyekundu zenye ukingo wa kijani: BU WIJI.

Nilipomaliza herufi ya mwisho nilikaa chini nikaangalia. Sitasema zaidi.

Jumapili mchana tukaliziba banda la pikipiki kwa maturubai hadi likawa giza. Tukatundika kitambaa, tukawasha taa nyuma yake, maana hema la kambare bila taa nyuma ni shuka tu. Rangi zile zimetengenezwa kwa ajili ya mwanga unaopenya. Ningrum alikuwa mbele na kamera.

"Pak," akasema, "mbona huyu samaki kama anakuja kwangu?"

"Ana njaa kukuzidi."

Akacheka. Akapiga picha nyingi. Tukatoka nje, akafungua kompyuta juu ya tangi la pikipiki, akamwita Bu Satumi.

"Bu, tafuta kambare."

Hata hakuinama. "Huyu hapa. Mnadhani mimi kipofu?"

Nilitaka kumbusu mikono, ila ilikuwa na mafuta.

Kisha akasogea karibu kidogo. Akakunja uso.

"Lakini mbona anatoka damu?"

"Damu gani?"

"Hii hapa chini. Mmemchinja?"

Nikatazama. Ningrum alikuwa ameshaona, nilijua kwa jinsi alivyokuwa akiangalia pembeni. Kwa ukubwa ule wa ukucha, herufi zote sita za mke wangu zilikuwa zimeshikana zikawa doa jekundu chini ya tumbo la samaki.

"Zikuze," nikasema.

Akazikuza kwenye kompyuta. Jina likasomeka. Samaki akawa dagaa.

"Tupeleke juu."

Juu ndipo linapokaa jina la gemu, *Hema la Kambare*, na jina hilo ni sheria ya duka, haliondoki. Akayaweka yote mawili. Yakagombana. Ukitazama huku unasoma Hema, ukitazama kule unasoma Wiji, na samaki katikati hana mwenyewe.

"Badilisha rangi."

"Pak."

"Badilisha rangi, nimesema!"

Akabadilisha. Kijani, bluu, nyeusi. Damu ikawa ukungu, ukungu ukawa tope.

Sikiliza, mimi ndiye niliyekuwa nikiwafokea wanawake wa Lamongan hadi Gresik. Mama anakuja anasema fundi, niandikie na jina la binti yangu, na namba ya simu, na karibuni wote. Mimi namwambia mama, hili hema, siyo barua. Nimewafutia majina mengi mno. Nilikuwa mkali kwa sababu nilikuwa sahihi.

Na nilijua niko sahihi hata Jumapili ile. Ndiyo maana nilikasirika vile.

Hapo ndipo Yodha akatokea, kaptura na miwani ya jua, ametoka kula supu ya bakso na wenzake. Akatazama kompyuta. Akavua miwani.

"Hii," akasema. "Hii! Ningrum, hii ndiyo nilikuwa nasema tangu mwanzo!"

Tangu mwanzo! Mtu wa bata!

"Lakini lile jina la chini liondoke," akaongeza. "Linaharibu."

"Ulinipa mkono," nikamwambia.

"Nilikupa kabla sijaona, Pak."

"Kwa hiyo mkono wako unafanya kazi mpaka macho yafunguke?"

"Pak Kasmuri, hata wewe unaona. Sema huoni."

Nikaitazama ile kompyuta tena.

"Tutamweka ndani ya gemu," akasema kwa ile sauti yao ya kubembeleza. "Pale mwisho kabisa, kwenye shukrani. Majina yote yapo pale."

"Nani anasoma pale?"

"Wapo."

"Wewe umewahi?"

Akapumua. Akamgeukia Ningrum. "Lifute kwenye kompyuta. Ni dakika mbili."

Hapo damu ilinipanda kichwani. "Usithubutu!" nikasema. "Kama ni kumfuta, mikono yenu isimguse. Mke wangu amefutwa na wakubwa wa kutosha. Hospitali walimfuta kwenye foleni. Nipe brashi."

"Pak, si lazima..." Ningrum akaanza.

"Nipe brashi!"

Nikakitandaza kitambaa juani uani. Nikachukua rangi nyeupe. Nikaanza na I ya mwisho nikarudi nyuma, kama mtu anayetoka kwenye nyumba huku anafagia. Mkono haukutetemeka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba mkono haukutetemeka.

Ilipokauka, kitambaa kilikuwa cheupe safi. Ungeapa hapakuwahi kuandikwa kitu.

Tukarudi kwenye banda lenye giza, tukakitundika, tukawasha taa nyuma.

Na hapo nikaliona kosa nililolifanya, lile ambalo nimewatandikia wanafunzi wangu wote. Kwenye hema hupaki rangi juu ya rangi. Mchana linadanganya, lakini ukiwasha taa nyuma, palipo na rangi mara mbili mwanga haupiti. Unakata kipande, unashonea kingine. Mtoto wa wiki moja kazini analijua hilo.

Chini ya kambare kulikuwa na kivuli cha kijivu. Na ndani ya kivuli, nyeusi kidogo kuliko chenyewe, BU WIJI.

"Imeharibika," nikasema. "Nipeni hadi asubuhi nichore nyingine."

"Subiri," Ningrum akasema. Akapiga picha. Akaipunguza.

Kwa ukubwa wa ukucha, herufi hazikuonekana. Kilichoonekana ni kivuli laini chini ya samaki, na kwa sababu ya kivuli kile samaki sasa alikuwa hewani kweli. Alikuwa ameruka. Vijipicha vingine vyote kwenye kioo vilikuwa vimelala chini kama karatasi.

"Pak," akaninong'oneza, "tafadhali usiguse tena chochote."

Yodha alipiga makofi. Akasema mimi ni hazina ya taifa. Akanunua bakso kwa wote.

Jumatatu adhuhuri picha ikawekwa dukani. Kufikia Jumanne jioni watu walikuwa wanaibofya kuliko gemu zote za nchi yetu kwenye maonyesho yale. Ningrum alikuja hadi stoo kuniambia. Nilikuwa naosha brashi. Nilifurahi, nisidanganye. Nililala vizuri.

Jumatano asubuhi Yodha akaniita kwa sauti ambayo siyo ya hazina ya taifa.

"Hiki nini?"

Kwenye kioo palikuwa na mahali ambapo wanunuzi wanaandika maoni. Mtu mmoja alikuwa ameikuza picha, akaipandisha mwanga, akaweka duara jekundu kwenye kivuli. Chini ameandika: *Bu Wiji ni nani, na kwa nini mmemfuta?*

Chini yake watu mia tatu wamejibu. Mmoja anasema ni muuza kambare aliyeibiwa mchoro wake. Mwingine anasema ni mjane. Mwingine anasema gemu hii imeibwa kwa mama maskini, tusiinunue. Wapo waliokuwa wameandika jina tu, BU WIJI, BU WIJI, mstari kwa mstari.

Miaka thelathini. Na sasa jina lake linaandikwa na watu nisiowajua, bila hata rangi.

"Andika, Pak," Yodha akasema, akanisogezea kiti chake. Kiti chenyewe kile cha kuzunguka. "Andika kwamba hakuna mtu anayeitwa Bu Wiji. Ni jina la kubuni. Tulibadilisha mawazo, rangi ikavuja, basi."

"Hakuna mtu anayeitwa nani?"

"Pak, ofisi nzima itakosa kazi."

"Rudia. Hakuna mtu anayeitwa nani?"

Ningrum akaingia kati, akimwita Yodha Mas, yaani kaka. "Tuseme ukweli tu, Mas. Ni mke wa mchoraji. Alitaka jina libaki, mkurugenzi akakataa."

"Kwa hiyo mimi ndiye mbaya?"

"Si ulisema lifutwe?"

Yodha akatoka akabamiza mlango. Ningrum akaandika hayo, mistari minne, akaweka jina langu kamili na la Wiji, na mji wetu. Akabofya.

Mambo yakageuka kabla hata kahawa haijapoa. Watu wakamrukia Yodha. Wakamwita mwizi wa kumbukumbu za watu. Wakasema wakubwa wote ndivyo walivyo, wanatumia mikono ya maskini halafu wanafuta majina. Wakasema Pak Kasmuri, tuko nawe. Maneno yangu mwenyewe, yale ninayoyaandika hapa kila wiki na wengi wenu mnanicheka, sasa yanasemwa na watu elfu mbili.

Nilikaa kwenye kile kiti nikayasoma yote. Nikajizungusha kidogo. Nikaona raha.

Kisha saa saba mchana likaingia andiko la mama mmoja wa Tuban, Bu Kasiyati. Namjua. Hema lake nililichora mwaka ule barabara ya pwani ilipokatika kwa mafuriko, na bado analo.

Ningrum ndiye aliyeanza kulisoma kwa sauti, akafika katikati akaacha. Nikalisoma mwenyewe, taratibu, kama ninavyosoma.

Ameandika hivi: *Mimi nina hema la Pak Kasmuri, huu ni mwaka wa kumi na saba. Wiji ndiye aliyeshika ngazi siku ile. Nilimuuliza mama, na wewe kibanda chako kiko wapi? Akacheka, akasema mwakani. Bosi wa Malang amemfuta Jumapili moja, na nyote mmekasirika, mna haki. Ila mimi nauliza kitu kingine, na namuuliza fundi mwenyewe kwa heshima zote.*

Ni Ijumaa sasa. Yodha hasemi na mimi. Ningrum anapita mlangoni mwa stoo, anasimama, anaondoka. Watu elfu tano wamelisoma lile swali, na chini yake pako peupe, hakuna aliyeandika kitu, hata wale waliokuwa wananitetea wananingoja mimi:

*Kabla ya Jumapili hiyo, Pak, ile miaka yote thelathini, aliyekuwa anamfuta ni nani?*